Chai Ingoje Kidogo: Mwongozo wa Kula ili Mwili Ufaidike

Nenda kwa mama lishe yeyote saa saba mchana uangalie mezani. Ugali, maharage, mchicha, pengine dagaa wa kukaanga, kipande cha limao pembeni ambacho wengi hawakigusi, na kikombe cha chai ya rangi kikifuka moshi. Kwa hesabu ya chati ya lishe iliyobandikwa ukutani kliniki, mlaji huyu hana shida. Madini ya chuma yamo kwenye maharage na mchicha, kalsiamu imo kwenye dagaa, vitamini A imo kwenye majani. Ila chati inahesabu kilichoingia mdomoni. Mwili unahesabu kilichovuka ukuta wa utumbo, kisha unatoa tena kile ambacho figo zimekiachia. Hesabu hizo mbili hupishana sana, na sehemu kubwa ya mpishano huo iko mikononi mwako wewe unayepika: umeloweka nini, umeunga kwa nini, umeshushia na nini.

Yafuatayo hayakutaki ununue chakula kipya. Mengi yanafanyika kwa vilevile vilivyomo jikoni.

Njia mbili za kutokea

Kwanza tuelewane kuhusu njia. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi, na humo ndimo karibu kila kirutubisho hupokelewa na kuingizwa damuni. Kisichopokelewa kinasonga mbele hadi utumbo mpana, maji yananyonywa, bakteria wanakula sehemu yao, kinachobaki ni choo kikubwa. Mkojo una asili nyingine kabisa. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, zikarudisha karibu yote, zikatoa lita moja na nusu hivi.

Kwa hiyo kirutubisho kinachotoka kwa njia ya haja kubwa, mara nyingi hakikuwahi kuingia mwilini, kilipita tu. Kinachotoka kwa mkojo kiliingia, kikatumika au kikazidi, ndipo kikatolewa. Ukikumbuka hilo utajua lini tatizo ni mapishi na lini tatizo ni kiasi.

Chuma, na ile chai

Tuanze na chuma kwa sababu ndicho kinachotusumbua zaidi Afrika Mashariki, hasa wajawazito na watoto wadogo, na kwa sababu tabia yake ni ya pekee. Mwili hauna njia ya kukitoa kikizidi. Mwanamume hupoteza miligramu 1 hivi kwa siku kupitia ngozi na seli za utumbo zinazopukutika. Mwanamke hupoteza zaidi kwa sababu ya hedhi. Kwa kuwa hakuna mlango wa kutokea, ulinzi wote umewekwa kwenye mlango wa kuingilia. Bawabu wake ni homoni inayotengenezwa na ini, hepsidini. Akiba ikipungua, hepsidini hushuka na mlango unafunguka zaidi. Akiba ikijaa, au mwili ukiwa na maambukizi kama malaria, hepsidini hupanda na mlango unafungwa. Ndiyo maana mtoto anayeugua malaria kila mara anaweza kula vizuri na bado damu isipande: kutibu malaria na kumlaza kwenye chandarua ni sehemu ya lishe yake.

Chuma kilichomo kwenye nyama, maini na samaki hufyonzwa vizuri, kati ya asilimia 15 na 35. Chuma cha mimea, yaani cha maharage, mboga na nafaka, hufyonzwa kati ya asilimia 2 na 20. Upana huo, kutoka 2 hadi 20, ndio uwanja wako wa kuchezea. Kinachoamua ni vyakula vinavyoandamana nacho.

Majani ya chai yana tanini na polifenoli nyingine. Zikikutana na chuma cha mimea ndani ya tumbo, hushikamana nacho, na utumbo hauwezi kukipokea kikiwa katika hali hiyo. Chuma hicho kinaishia chooni. Watu waliopimwa wakinywa chai nyeusi pamoja na mlo, ufyonzaji wa chuma ulishuka kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo inazuia, ingawa si kwa ukali wa chai. Kuongeza maziwa hakuokoi kitu. Kalsiamu ya maziwa ina namna yake ya kukizuia chuma.

Sikuambii uache chai. Kumwambia mtu wa Kericho au wa Mombasa aache chai ni kupoteza wino. Isogeze tu. Acha ipite saa moja baada ya mlo wenye maharage, mboga au nyama, ndipo unywe, na sehemu kubwa ya madhara hayo haitakuwepo. Chai ya asubuhi pamoja na kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha hasara yake ni ndogo, kwani chuma chenyewe cha kupotea ni kidogo. Nisichokubaliana nacho ni chai ya rangi kwenye chupa ya mtoto, au kikombe cha chai kinachogeuzwa mchuzi wa kulainishia ugali wa mtoto wa miaka miwili. Mtoto huyo anahitaji kila chembe ya chuma anayoipata. Mpe maji.

Sasa lile limao pembeni ya sahani. Vitamini C hukigeuza chuma cha mimea kuwa katika hali ambayo utumbo unaipokea kwa wepesi, na hupunguza makali ya vizuizi vingine. Masharti yake ni mawili. Lazima iwe kwenye mlo uleule, kwa sababu chungwa la saa kumi halisaidii maharage ya saa saba. Na isipikwe, kwani moto unaiharibu. Kamua limao juu ya maharage yakiwa tayari mezani. Kachumbari ya nyanya, kitunguu na pilipili hoho mbichi inafanya kazi hiyohiyo. Pera likiwa katika msimu wake linapita chungwa kwa mbali kwa vitamini C, na linaokotwa bure chini ya mti. Ubuyu nao una nyingi, mradi unga wake umekorogwa katika maji baridi. Ule wa rangi nyekundu uliochemshwa na sukari, ule kwa raha zako tu.

Samaki na nyama nazo huvuta chuma cha maharage, hata zikiwa kidogo. Konzi moja ya dagaa ndani ya sufuria ya maharage ina faida mbili: chuma chake yenyewe, na kile inachokisaidia cha jirani. Ukiwa na nusu kilo ya nyama kwa wiki nzima, afadhali uigawe kwenye milo kadhaa ya maharage kuliko kuimaliza Jumapili mchana.

Mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu avimeze kwa maji au kwa maji ya machungwa, mbali na chai, mbali na maziwa na mbali na dawa za kiungulia. Kama vinamchefua tumbo likiwa tupu, ale kitu kidogo kwanza; kumeza na chakula ni bora kuliko kuvificha chini ya godoro. Choo kitakuwa cheusi. Ni chuma kisichofyonzwa kinachotoka, na si sababu ya kuacha dozi.

Halafu kuna safura. Minyoo hii hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu, na mwenye nayo nyingi atapoteza chuma haraka kuliko chakula kinavyoweza kurudisha. Dawa ya minyoo kwanza, viatu shambani, choo cha kudumu, limao baadaye.

Maharage yalale majini

Mbegu yoyote, iwe harage, hindi, mtama au ulezi, huhifadhi fosforasi yake katika umbo linaloitwa faiteti. Mmea unaihitaji ili kuota. Kwetu sisi faiteti ni kizuizi: hushika chuma, zinki na kalsiamu na kuondoka navyo. Utumbo wa binadamu hauna uwezo wa maana wa kuivunja. Mbegu yenyewe inao, ila kimeng'enya chake hulala mpaka kiguswe na maji.

Basi kiamshe. Usiku, vyombo vikishaoshwa, chambua maharage, yaoshe, yamiminie maji mara tatu ya ujazo wake na uyafunike. Asubuhi utakuta yamefura, ngozi imetanuka bila mikunjo, maji yamegeuka rangi na juu kuna povu jembamba. Yamwage maji hayo. Yameondoka na sehemu ya faiteti na sehemu ya sukari zile zinazojaza tumbo gesi, na yamekupunguzia mkaa. Weka maji mapya, chemsha.

Moto nao uwe wa kweli. Maharage mekundu yana sumu inayoharibika kwa kuchemka kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi. Moto hafifu usiofikia kuchemka hauiondoi. Anayepika kwa kifaa cha moto mdogo wa saa nyingi ayachemshe kwanza kwenye sufuria.

Na magadi? Jikoni kwetu magadi hulainisha maharage, makande na mlenda kwa muda mfupi, na kuni ni ghali, kwa hiyo naelewa. Lakini magadi yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, yanamaliza vitamini C ya mboga, na yana sodiamu ambayo mwenye shinikizo la damu hapaswi kuiongeza. Maharage yaliyolala majini yanaiva haraka bila magadi. Kama ni lazima, tia chembe kidogo, na kwenye mboga za majani usitie kabisa. Ile rangi ya kijani inayong'aa inadanganya.

Kuotesha kunavunja faiteti zaidi kuliko kuloweka. Kimea cha ulezi ndicho mfano mzuri: loweka usiku mmoja, chuja, tandaza kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka vichipukizi vitokeze, anika juani, saga. Kijiko kimoja cha kimea hicho kikikorogwa kwenye uji mzito wa mtoto, utauona uji ukilegea mbele ya macho yako, kwa sababu vimeng'enya vya kimea vinakata wanga. Faida yake ni kwamba unaweza kupika uji wenye unga mwingi na bado mtoto akaumeza, badala ya uji mwepesi unaomjaza maji. Upashe moto tena kabla ya kumpa. Mtama nao huota, ila machipukizi yake yana sumu ya sianidi. Yasugue na kuyapepeta yote kabla ya kusaga.

Kuchachusha kunafika mbali vilevile. Togwa ya Ruvuma na uji wa kuchacha unaopikwa kwingi Kenya ni teknolojia ya lishe iliyokuwepo kabla ya maabara. Uchachu ule hupunguza faiteti, na chuma na zinki vinapatikana zaidi. Zinki ndiyo ninayoitilia mkazo hapa: mtoto anayekua kwa uji wa mahindi makavu na maharage yasiyolowekwa huikosa hata akishiba.

Mboga za majani

Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karotini huyeyuka kwenye mafuta. Bila mafuta kwenye mlo, nyongo haimwagwi ya kutosha na karotini inapita hadi chooni kama ilivyokuja. Mboga ya kuchemsha kwa chumvi peke yake ni nzuri kwa nyuzinyuzi, lakini kwa vitamini A umefanya kazi nusu. Kijiko kimoja cha mafuta kwa sahani kinatosha. Karanga zilizosagwa au tui la nazi pia. Kisamvu cha nazi na mchicha wa karanga vilishatatua jambo hili zamani. Mawese mekundu ya Kigoma yana karotini yake yenyewe, mradi usiyaunguze mpaka yageuke meupe. Na kuunga kwa mafuta si kuogelesha.

Ukiacha kisamvu, ambacho lazima kipikwe kwa muda mrefu, pika muda mfupi, kwa maji kidogo, na maji hayo yaliwe. Ukichemsha majani kwa maji mengi kisha ukayamwaga, vitamini C na folati vimekwenda na maji.

Isipokuwa kama wewe ni mtu wa mawe kwenye figo. Mchicha na spinachi vina oksaleti nyingi, na oksaleti inayofika kwenye mkojo ikikutana na kalsiamu huganda kuwa mawe. Kwako wewe, kumwaga maji ya kuchemshia kuna maana, maana oksaleti nyingi hutoka nayo. Kuna jambo jingine ambalo watu hulifanya kinyume: wakisikia jiwe ni la kalsiamu, wanaacha maziwa. Usiache. Kunywa mtindi au kula dagaa pamoja na mchicha. Kalsiamu hiyo itaikamata oksaleti ndani ya utumbo na vyote vitatoka kwa haja kubwa, badala ya oksaleti kuingia damuni na kutafuta njia ya figo. Kisha kunywa maji hadi upate kama lita mbili na nusu za mkojo kwa siku, na uachane na vidonge vya vitamini C vya gramu nzima. Utumbo haupokei nusu ya dozi kubwa kama hiyo, kilichoingia kikizidi kinatolewa na figo, na sehemu yake hutoka ikiwa oksaleti.

Oksaleti hiyohiyo inaeleza kwa nini mchicha si chakula cha mifupa kama chati inavyodai. Kalsiamu ya spinachi hufyonzwa asilimia 5 hivi tu. Ya maziwa ni karibu theluthi. Ya mboga za jamii ya kabichi zenye oksaleti kidogo, sukuma wiki ikiwemo, inafika asilimia 40. Kwa mifupa kula sukuma wiki, mtindi, na dagaa mzima na mifupa yake. Mchicha ule kwa mengine.

Maziwa yakikuvuruga tumbo, jaribu mtindi kabla ya kuyakataa. Watu wazima wengi hawana tena kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, na bakteria wa mtindi wamekwisha kufanya sehemu ya kazi hiyo. Jamii za wafugaji wa Tanzania na Kenya wengi wao wanakihifadhi ukubwani, kwa badiliko la kijeni ambalo si lile la Wazungu. Timu ya mtaalamu wa jenetiki Sarah Tishkoff ililieleza mwaka 2007.

Chumvi inaondoka na mwenzake

Kwenye figo, sodiamu na kalsiamu husafiri pamoja. Ukila chumvi nyingi figo huitoa ziada, na ziada hiyo huivuta kalsiamu. Kwa makadirio yanayotumika sana, kila gramu 6 za chumvi, yaani kijiko cha chai kilichojaa sawasawa, huondoka na miligramu 40 hivi za kalsiamu kwenye mkojo. Glasi ya maziwa ina miligramu 300, na utumbo unapokea kama 100. Piga hesabu mwenyewe: kijiko kimoja cha ziada kimekula zaidi ya theluthi ya glasi yako. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku kwa jumla, na jumla hiyo ni pamoja na chumvi ya mkate, ya chipsi, ya ng'onda na ya vile vidonge vya mchuzi. Ng'onda walowekwe na maji yamwagwe. Ukitia kidonge cha mchuzi, usitie chumvi tena.

Maharage, ndizi na viazi vina potasiamu, ambayo huzisaidia figo kutoa sodiamu. Mwenye figo nzima avile kwa wingi.

Muhogo mchungu

Hapa lishe na utoaji taka vinakutana kwa namna ya kutisha, na nataka ukae nami kidogo. Muhogo mchungu una viambata vinavyotoa sianidi. Ukilowekwa siku kadhaa na kuanikwa vizuri, nyingi huondoka. Wakati wa njaa au ukame watu hufupisha kazi hiyo. Mwaka 1985 wilayani Tarime, watu walipooza miguu yote miwili kwa ghafla, kwa ugonjwa uitwao konzo, ambao unajulikana pia Congo na Msumbiji. Hauponi.

Ini lina njia ya kuishughulikia sianidi: huiunganisha na salfa na kuifanya thiosianati, ambayo figo huitoa kwa mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye protini za samaki, nyama, mayai, maziwa na kunde. Anayekula muhogo kutwa mara mbili bila kitoweo hana salfa ya kutosha, kwa hiyo sianidi haipati njia ya kutoka. Konzo huwapata wale wenye muhogo mchungu usioandaliwa na kitoweo haba kwa wakati mmoja. Dagaa kidogo kando ya ugali wa muhogo ni ulinzi halisi. Thiosianati nayo, hata ikitengenezwa salama, hushindana na madini ya joto kwenye tezi ya shingo. Ndipo rovu hutokea. Tumia chumvi yenye madini ya joto.

Kama unga tayari umesagwa na una wasiwasi nao, kuna njia ya Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Weka unga kwenye bakuli, tia alama ulipofikia. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha kuongeza. Utandaze juu ya mkeka au turubai, unene usizidi sentimita moja, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sianidi inapaa hewani. Pika ugali siku hiyohiyo, usiulaze.

Sukari, mafuta na dawa

Mtoto anayeharisha anapoteza maji na chumvi. Ukimpa maji matupu, utumbo unayapokea kwa shida. Lakini ukuta wa utumbo una mlango unaopokea sukari na sodiamu pamoja tu, na maji huzifuata. Ugunduzi huo ndio msingi wa ORS, unga wa pakiti unaochanganywa na maji. Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Usizidishe sukari ili iwe tamu. Ikizidi inavuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni na kuharisha kunaongezeka. Soda na juisi za dukani zina kosa hilohilo. Pamoja na ORS mtoto hupewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na vimalizwe hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

Dawa mseto ya malaria, ALu, inahitaji mafuta. Moja ya viambata vyake hufyonzwa vibaya sana tumbo likiwa tupu, na mgonjwa wa malaria ndiye asiyetaka kula. Mpe maziwa yasiyotolewa mafuta, au uji wenye karanga, ndipo ameze. Dozi zote, si ya kwanza tu. Siprofloksasini na doksisaiklini ni kinyume chake: kalsiamu ya maziwa huzishika, kwa hiyo zimezwe kwa maji. Anayetumia metformini ya kisukari miaka mingi aombe kupimwa vitamini B12, maana dawa hiyo hupunguza ufyonzaji wake.

Kuhusu pombe nitasema kwa ufupi: inazuia folati na vitamini B1 zisiingie, na inaongeza zinki na magnesiamu zinazotoka kwa mkojo. Gongo na chang'aa hufanya hivyo na zaidi.

Kutazama kabla ya kumwaga maji

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Mulago, alipima choo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha matokeo: wanavijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita kwa siku moja na nusu hivi, mabaharia wa Uingereza walitoa kama gramu 100, na chakula kilichukua zaidi ya siku tatu. Alisema tofauti ni nyuzinyuzi. Baadaye wengine waliyarekebisha baadhi ya madai yake, lakini jambo la msingi limesimama, na sisi tumekuwa tukikimbilia upande wa mabaharia kwa sembe nyeupe na chapati.

Dona au sembe? Dona ina faiteti zaidi, na pia ina chuma, zinki na vitamini B zaidi, na nyuzinyuzi. Mimi nachagua dona, iliyosagwa kidogo kidogo kwa sababu huharibika upesi, kutoka kwa mahindi yaliyokauka vizuri yasiyo na ukungu. Sumukuvu hukaa sana sehemu za nje za punje, kwa hiyo mahindi mabaya yakisagwa dona ni mabaya mara mbili.

Mkojo wa manjano kali baada ya kumeza vidonge vya vitamini ni vitamini B2 iliyozidi; umelipia, umeitoa. Mwekundu baada ya kula kiazi sukari hauna neno. Choo cheusi bila kula maini, damu au vidonge vya chuma, hasa kikiwa kama lami na chenye harufu kali, ni dalili ya kutoka damu tumboni: nenda hospitali siku hiyo. Choo cheupe, chenye mafuta, kinachoelea na kugoma kusukumwa na maji, kinasema mafuta hayafyonzwi. Nyongo au kongosho zichunguzwe.

Wenye figo dhaifu na wenye selimundu wasifuate yote niliyosema. Mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi ana chuma kilicholundikana kisicho na pa kutokea. Asimeze vidonge vya chuma mpaka apimwe. Mwenye figo zilizoshindwa kazi hawezi kutoa potasiamu, kwa hiyo ndizi na viazi nilivyovisifu vinaweza kumsimamisha moyo. Viazi vyake vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwa maji mengi na maji yamwagwe. Na ile chumvi mbadala inayouzwa kama chumvi ya wenye shinikizo la damu, asome pakiti kwanza: mara nyingi imetengenezwa kwa potasiamu.